Tabuki Mbili: Utendi wa Tambuka Mbele ya Ushahidi wa Kihistoria

Utangulizi

Mabishano kuhusu visa vya kale vya dini na ushahidi wa kihistoria si mageni jijini Nairobi. Mwaka wa 2006, Makumbusho ya Kitaifa yalipokuwa katika matengenezo makubwa, Askofu Boniface Adoyo, kiongozi wakati huo wa kanisa la Christ Is The Answer Ministries ambalo wengi hulijua kwa jengo lake la barabara ya Valley, alipinga hadharani nafasi ambayo ingepewa mifupa ya Kijana wa Turkana katika maonyesho mapya. Mifupa hiyo iligunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka wa 1984, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 1.5 au zaidi kidogo. Richard Leakey alijibu kwa ukali wake uliojulikana, magazeti yakaongeza kuni motoni, na makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka wa 2008 mifupa ilikuwa mahali pake. Kwa wengi mjadala uliishia hapo.

Kwa mhakiki wa fasihi haukuishia hapo, kwa sababu pande mbili zilizopingana zilikuwa na imani moja zisiyoitaja. Zote ziliamini kwamba kisa cha kale cha dini ni shahidi aliyesimama kizimbani, naye ama anasema kweli ama anasema uongo. Upande mmoja ulimtetea shahidi, wa pili ukamtoa barazani. Hakuna aliyeuliza utungo huo ni wa aina gani, ulitungwa kwa ajili ya nani, na uliwataka wasikilizaji wake waamini nini hasa. Maswali haya ndiyo kazi ya kila siku ya uhakiki, na yanapoachwa bila kuulizwa mtu huona kwamba hana budi kuchagua baina ya fundi wa akiolojia na mwalimu wa dini.

Makala haya yanayauliza maswali hayo kuhusu utungo ulio karibu zaidi na idara za Kiswahili, yaani Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali. Ni utendi unaojulikana sana kwa jina na usiosomwa sana. Mwanafunzi wa Nairobi huukuta katika orodha: Pate, mwaka wa 1728, Bwana Mwengo wa Athumani, miongoni mwa tendi za kale kabisa zenye tarehe. Huyakariri hayo, huyaandika katika mtihani, kisha huenda zake. Mwalimu anayefunzwa katika kampasi ya Kikuyu ataulizwa siku moja na mwanafunzi wa kidato cha tatu kama vita vinavyosimuliwa humo vilitokea kweli. Jibu analokuwa nalo kwa sasa ni duni, na uduni huo haukuletwa na yeye.

Tabuki ya wanahistoria

Safari ya Tabuki ilifanyika katika mwaka wa 9 wa Hijria, yaani 630. Habari zake zinapatikana kwa Ibn Is-haka, aliyefariki takriban mwaka wa 767, ambaye kitabu chake kimetufikia zaidi kwa mkono wa Ibn Hisham, na kwa al-Wakidi, aliyefariki mapema katika karne ya 9. Kwa mujibu wa mapokezi hayo, Mtume Muhammad alitoka Madina na jeshi linalotajwa kuwa la watu 30,000 kuelekea mipaka ya Sham, baada ya kupata habari kwamba Warumi wanajikusanya. Ulikuwa wakati wa joto kali, matunda yameiva, maji haba. Ndiyo sababu jeshi hilo likaitwa jeshi la dhiki. Walifika Tabuki. Warumi hawakuwapo. Mtume alikaa huko siku kadhaa, akafanya mapatano na mtawala wa Aila na watu wa Jarba na Adhruhu, akamtuma Khalid bin Walid hadi Duma, kisha akarejea Madina. Vita havikupiganwa.

Vita vilivyopiganwa na Warumi vilitangulia kwa mwaka mmoja, katika kijiji cha Muta, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Huko waliuawa makamanda watatu mmoja baada ya mwingine: Zaid bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdalla bin Rawaha. Khalid ndiye aliyeliokoa jeshi kwa kulirudisha nyuma. Vita hivi vina bahati ambayo Tabuki haina, kwani vinatajwa hata na Mkristo wa Kirumi, Theophanes, aliyeandika tarikhi yake mwanzoni mwa karne ya 9. Jaafar alikatwa mikono yote miwili, nayo mapokezi yakampa mbawa mbili Peponi.

Kuhusu Kaisari Heraclius, miaka hiyo alikuwa na mashughuli mengine. Alikuwa ametoka kumaliza vita virefu na Uajemi mwaka wa 628, na wanahistoria wengi huweka kurejeshwa kwa msalaba Yerusalemu mwaka wa 630, mwaka ule ule wa Tabuki. Jeshi lake lilikuja kuvunjwa na Waislamu kwenye mto Yarmuki mwaka wa 636, na hata huko mwenyewe hakuwapo uwanjani. Barua aliyopelekewa na Mtume kwa mkono wa Dihya al-Kalbi imo katika hadithi ya Bukhari, kwa riwaya ya Ibn Abbas kutoka kwa Abu Sufian. Wanahistoria wa leo wamegawanyika kuhusu uhakika wake.

Mtu akiyaweka haya kando ya utendi wa Bwana Mwengo, tofauti zinamrukia machoni. Katika utendi, kifo cha Jaafar kinataka kisasi. Barua inapelekwa kwa Herekali kumtaka aache itikadi ya kwamba Isa ni mwana wa Mungu; Herekali anakataa; majeshi yanakutana Tabuki na vita vinapiganwa kwa mapana na marefu, Waislamu wakishinda. Muta na Tabuki zimeunganishwa, ushindi umewekwa mahali ambapo hapakuwa na adui, na Kaisari ameletwa karibu na mapigano ambayo hakuyasikia. Zaidi ya yote, yumo Ali bin Abi Talib na upanga wake, shujaa wa mashujaa. Nao wote walioandika sira wanakubaliana kwamba Ali hakwenda Tabuki. Jambo hili la Ali litarejewa baadaye, kwa kuwa ndilo lenye siri kubwa zaidi.

Wapatanishi

Mbele ya tofauti hizi msomaji huvutwa na tamaa ya kupatanisha. Njia inayopendwa zaidi ni ya kumenya. Inadaiwa kwamba utendi una kiini cha kweli kilichofunikwa na maganda ya mubalagha, na kazi ya mhakiki ni kuyaondoa maganda hadi kiini kionekane. Ukiondoa malaika, ukipunguza idadi ya waliouawa, ukitoa mapigo yanayomkata mtu na farasi wake kwa pamoja, kitabaki kisa cha makabiliano ya Waislamu wa mwanzo na dola ya Rumi, na makabiliano hayo yalikuwapo. Njia ya pili ina ujanja zaidi. Hiyo husema kwamba Tabuki ya utendi ni jina tu, na kwamba mshairi amebana ndani yake Muta, Tabuki, Yarmuki na hata kuanguka kwa Konstantinopoli mwaka wa 1453. Hivyo utendi unakuwa muhtasari wa historia ndefu.

Njia zote mbili zinauvisha utendi kilemba cha ukoka. Zinausifu kwa kuwa historia, na kwa sifa hiyo hiyo zinaufanya historia mbovu. Ikiwa thamani ya Tambuka ni kiini chake cha kweli, basi aya chache za al-Wakidi zinatosha na hakuna haja ya beti zaidi ya elfu moja za Kiswahili. Kinachomenywa na kutupwa ndicho hasa alichokifanya mshairi.

Kuna hatari nyingine, nayo inaonekana vizuri katika mfano wa Yeriko. Katika miaka ya 1930 John Garstang alitangaza kwamba amepata kuta zilizoangushwa siku za Yoshua, na mahubiri mengi yakajengwa juu ya kuta hizo. Kathleen Kenyon alipochimba upya kati ya 1952 na 1958, ilibainika kwamba kuta zile zilikuwa za kale zaidi kuliko Yoshua kwa muda wa karibu miaka elfu moja. Waliokuwa wameegemeza maana ya kisa juu ya matofali walijikuta hawana matofali wala maana. Haya yanafundishwa bila kificho katika vyuo vya theolojia vya Karen, Lang'ata na barabara ya Ngong, ila yakifika kwenye mimbari huwa yamekwisha kupozwa.

Pwani yenyewe ina Yeriko yake. Tarikhi ya Pate, katika baadhi ya nakala zake, yadai kwamba miji ya pwani ilianzishwa kwa amri ya Khalifa Abdulmalik bin Marwan katika mwaka wa 77 wa Hijria, na kwamba Wanabahani walifika Pate mwaka wa 600 wa Hijria, yaani mwanzoni mwa karne ya 13. Mwaka wa 1969 Neville Chittick, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Uingereza katika Afrika Mashariki, taasisi ambayo kwa miaka mingi imekuwa na makao yake Kileleshwa, aliipitia tarikhi hiyo upya na kuonyesha kwamba tarehe zake za mapema haziaminiki. Walioiamini walifadhaika, walioidharau wakashangilia. Baadaye Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa hicho hicho cha Pate, akapata msikiti mdogo wa miti wa mwishoni mwa karne ya 8. Na Thomas Wilson na Athman Lali Omar, katika makala yao ya 1997, wakapata katika mji wa Pate wenyewe dalili za makazi ya zamani kuliko alivyodhani Chittick. Mwaka wa 2023 ulitolewa katika jarida la Nature uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka wa 1250 na 1800 katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara. Ulionyesha nasaba iliyochanganyika, ya mama wa Kiafrika kwa sehemu kubwa na ya baba wa Kiajemi kwa sehemu nyingine, mchanganyiko ulioanza takriban mwaka wa 1000. Mara zikasikika sauti kwamba masimulizi ya Washirazi yamethibitishwa.

Je, yamethibitishwa? Vinasaba havina habari za masultani, majahazi saba wala ndoto ya mfalme. Vilichosema ni kwamba wanaume wa Kiajemi walioa pwani. Ikiwa miaka ishirini ijayo mifupa mingine italeta hesabu nyingine, je, Mswahili atapoteza asili yake? Katika nchi ambayo watu wa pwani wameulizwa mara nyingi, katika ofisi za vitambulisho na katika siasa, wao ni wa wapi hasa, swali hili halipaswi kufanyiwa mzaha. Aliyeweka uraia wake katika tarikhi atanyang'anywa na mchimbaji, na aliyeuweka katika mchimbo atanyang'anywa na mchimbo unaofuata.

Msikilizaji wa Pate alijua nini

Ipo hoja nyepesi inayotolewa kumtetea Bwana Mwengo, kwamba hakuwa na vitabu, kwa hiyo hakujua. Hoja hii ni tusi. Pate ya karne ya 18 ilikuwa na wanazuoni. Tafsiri ya Hamziya ya Sayyid Aidarusi, ambayo huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili, ni kazi ya mtu wa huko aliyekijua Kiarabu na sira kwa undani. Kisha, mtu hakuhitaji kuwa na vitabu vingi ili ajue kwamba Tabuki haikuwa na vita, Kurani ilimtosha. Aya za Surat Tawba ambazo mapokezi yanazihusisha na safari hiyo zinazungumzia walioona uzito kutoka, waliotoa nyudhuru, waliosema msitoke katika joto. Hazina maelezo ya pambano lolote la Tabuki. Zinapima nyoyo kuliko panga. Mtu aliyehitimu chuoni Pate alikuwa amezisoma.

Kwa hiyo jumba lililosikiliza Tambuka lilikuwa na Tabuki mbili: ya darasa na ya utendi. Hakuna dalili kwamba wasikilizaji walisumbuliwa na jambo hilo, na mhakiki anapaswa kueleza kwa nini.

Maelezo moja yamo katika lugha yenyewe. Kiswahili kina kurani, hadithi, sira, tarikhi, khabari, kisa, hekaya, ngano. Na neno hadithi peke yake lina maana mbili zinazoishi nyumba moja, yaani maneno ya Mtume yenye isnadi, na simulizi yoyote ile. Msemaji wa Kiswahili hachanganyikiwi. Hajadili kama sungura alizungumza, wala hamdai bibi yake isnadi. Kila utanzu unakuja na masharti yake, na masharti hayo hutangazwa mwanzoni kabisa: paukwa ina mkataba wake, na bismillahi ina wake.

Hapa ndipo ugumu ulipo, na waliolifanya suala hili la tanzu kuwa rahisi wamekosea. Utendi hauanzi kwa paukwa. Unaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, humsifu, humsalia Mtume, na mara nyingi mshairi hudai kwamba anachokisimulia amekikuta katika chuo cha Kiarabu. Huyu hasemi kwamba anatunga, anasema anapokeza. Kwa hiyo haitoshi kuuambia umma wa waumini, wa Pate ya jana au wa Eastleigh ya leo, kwamba Tambuka ni hekaya tu na hekaya haina lawama. Utendi wenyewe unakataa kuitwa hivyo.

Wanazuoni wa Kiislamu waliuona ugumu huu karne nyingi kabla ya wanahistoria wa Ulaya. Kauli mashuhuri inayonasibishwa na Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyefariki mwaka wa 855, inasema kwamba habari za maghazi ni miongoni mwa mambo matatu yasiyokuwa na misingi ya isnadi. Ibn al-Jauzi, aliyefariki mwaka wa 1201, aliandika kitabu kizima kuhusu wasimulizi wa visa na makosa yao. Visa vya Kiarabu ambavyo tendi zetu zimetokana navyo, vile alivyovichunguza Rudi Paret katika kitabu chake cha 1930 juu ya maghazi ya kihekaya, vilipingwa misikitini kabla ya kupingwa vyuo vikuu. Msomaji akisimama kati ya Maktaba ya McMillan na Msikiti wa Jamia, ambayo ni majirani katikati ya jiji, asidhani kwamba shaka inakaa katika jengo moja na imani katika jingine. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, iliyochapishwa Nairobi mwaka wa 1969, ina maelezo ya mtu aliyezoea kupima riwaya.

Hata hivyo visa hivyo vilidumu. Vilidumu kwa sababu dai la kupokeza halikuwa dai la kuthibitisha. Mpokezi hujibu swali moja tu, kama amefikisha alichopewa; mzigo wa ukweli umo katika chuo alichokitoa, na nyuma ya chuo kuna mwingine, hadi kwa Mungu ajuaye zaidi. Msikilizaji hulipokea simulizi katika daraja hilo, chini ya Kurani na juu ya ngano. Daraja hili la kati halina jina katika mjadala wa mwaka wa 2006, na ndilo ambalo uhakiki wa Kiswahili ungeweza kulipa jina. Jan Knappert, aliyetoa toleo la utendi huu mwaka wa 1958, aliutazama zaidi kama mtoto wa vitabu vya Kiarabu. Kwa mtazamo huo swali la daraja haliwezi kuzuka, kwa kuwa mtoto huulizwa tu amefanana vipi na baba.

Mwaka wa 1141

Ushahidi wa kihistoria una kazi katika usomaji wa Tambuka, ila si kazi ambayo wapatanishi wameupa. Wanaupeleka karne ya 7, wakati utendi ulizaliwa karne ya 18. Tarehe inayotajwa, mwaka wa 1141 wa Hijria, ilianza Agosti 1728 na kwisha Julai 1729. Mambo yaliyotokea pwani katika miezi hiyo yanajulikana vizuri. Yamo katika kitabu cha Justus Strandes cha 1899, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa papa hapa Nairobi mwaka wa 1961.

Wareno walikuwa wameipoteza Ngome ya Yesu mwaka wa 1698 kwa Waomani. Mnamo Machi 1728 waliingia tena Mombasa. Waliingia kwa msaada wa nani? Kwa msaada wa Sultani wa Pate, aliyewaita na kufanya nao mapatano ili kuwatoa Waomani. Walikaa hadi Novemba 1729, wakafukuzwa na wenyeji. Hii ina maana kwamba katika mwaka wote wa 1141 wa Hijria bendera ya Kikristo iliyoletwa kwa msaada wa Pate ilikuwa ikipepea Mombasa, na katika mwaka huo huo jumba la Wanabahani wa Pate lilikuwa likisomewa utendi wa Waislamu wakimvunja mfalme wa Wanasara.

Ajabu ni kwamba mambo haya mawili hukaa katika vitabu viwili tofauti vya rafu moja na ni nadra kukutanishwa. Mwanahistoria hutaja mapatano na asitaje utendi. Mhakiki hutaja utendi na asitaje mapatano. Hata kama tarehe ni ya nakala wala si ya utungo, bado kuna mtu aliyeona inafaa kuketi mwaka huo na kuandika beti hizo kwa wino.

Maana ya sadfa hii isitiwe chumvi. Utendi hauwataji Wareno, na kuugeuza Herekali kuwa Mfalme wa Ureno ni kurudia kosa la wapatanishi kwa njia nyingine, yaani kutafuta mtu halisi nyuma ya kila mhusika. Linaloweza kusemwa ni dogo zaidi na lina uzito zaidi. Maneno kama Wanasara, mfalme, barua, mapatano yalikuwa na mlio wake katika masikio ya Pate mwaka huo. Sultani aliyefanya mkataba na makafiri ili kuwatoa Waislamu wenzake alisikiliza, au watu wake walisikiliza, kisa cha Mtume anayempelekea mfalme Mkristo barua isiyoomba msaada. Huenda utendi ulikuwa pazia: jumba linaloshirikiana na Wareno linajionyesha kuwa ni jumba la dini. Huenda ulikuwa ukumbusho uliotolewa kwa adabu na mtu wa ndani asiyeweza kusema waziwazi. Kati ya hayo mawili, la pili linaelekea zaidi kuwa sahihi, kwa kuwa pazia lingetosheka na sifa za sultani, ilhali utendi umejaa sifa za watu wengine.

Linganisha na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa baadaye katika mazingira ya Pate hiyo hiyo. Huko mshairi anaichukua miji iliyoanguka na kuifanya hoja. Magofu yanasimama kama dalili mbele ya moyo anaouonya. Mshairi huyo hakumsubiri Chittick amfundishe kwamba kuta zinasema. Kwa hiyo washairi wa Pate walijua kutumia ushahidi wa macho walipoutaka. Bwana Mwengo hakuutaka, na kutoutaka kwake ni uamuzi wa mtunzi.

Ali asiyekuwapo

Imetajwa kwamba katika sira Ali hakwenda Tabuki. Mtume alimwacha Madina aangalie watu wa nyumba yake. Wanafiki wakamsema kwamba ameachwa kwa sababu ni mzigo. Ali akachukua silaha, akamfuata Mtume njiani, akamweleza. Mtume akamjibu kwamba nafasi yake kwake ni kama ya Haruni kwa Musa, ila hapatakuwa na nabii baada yake, akamrudisha. Hadithi hii ni mashuhuri kwa Sunni na Shia, na mwanazuoni yeyote wa Pate aliijua.

Sasa utendi unamweka Ali mstari wa mbele. Mhakiki wa kumenya ataliita hili kosa na kulitupa pamoja na maganda. Lakini kosa la aina hii halimtokei asiyejua. Kati ya vita vyote vya Mtume, Tabuki ndiyo safari moja ambayo kutokuwapo kwa Ali kuna kisa chake chenyewe, chenye maneno yanayohifadhiwa kwa moyo. Visa vya Kiarabu vilikwisha kumpeleka Ali huko kabla ya Bwana Mwengo, naye alikuwa na hiari ya kumwacha nyumbani kama anavyoachwa na sira. Hakumwacha.

Sababu mojawapo ipo Pate. Kwa karne kadhaa mji huo ulikuwa makao ya masharifu waliotoka Hadhramaut, kizazi cha Sheikh Abubakar bin Salim miongoni mwao, ambao nasaba yao humrudia Mtume kupitia kwa Ali na Fatuma. Sayyid Aidarusi ni wa ukoo huo, na Sayyid Abdalla bin Ali vilevile. Watu hawa walikuwa masikioni mwa mshairi na mezani kwa sultani. Utendi ambamo Ali amebaki nyumbani akisutwa na wanafiki, wakati Jaafar nduguye wa baba na mama anasubiri kulipiziwa kisasi, ungekuwa utendi mgumu kuusoma mbele yao. Jaafar ni ndugu yake. Sira haikumpa Ali nafasi ya kumlipizia, kwa sababu Muta haikuwa na ushindi na Tabuki haikuwa na vita. Mshairi amezileta pamoja Muta na Tabuki, akamtoa Ali Madina, akampa Kaisari wa kupambana naye. Mambo matatu ambayo mwanahistoria huyaorodhesha kama makosa matatu ni tendo moja la utunzi, na kila moja linalihitaji jingine.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeuliza kama vita vile vilitokea anastahili kuambiwa waziwazi kwamba havikutokea, na kwamba watu waliousikiliza utendi walikuwa na Sura inayowaonyesha hivyo. Kisha aulizwe ni nani katika ukumbi ule aliyetaka Ali awepo. Ili alijibu swali hilo atahitaji matini, na matini anayoweza kuipata kwa sasa imefungwa ndani ya toleo la Knappert, kazi ya udaktari iliyotolewa Uholanzi kwa ajili ya wasomi wa huko. Atakayetayarisha toleo la Kiswahili kwa Kiswahili aweke Surat Tawba, riwaya ya Muta na mapatano ya 1728 katika kurasa zinazokabiliana na beti, wala asiongeze daraja la kuziunganisha.